Kompyuta mpya imeingia nyumbani, na sauti ya koko imo ndani ya iPod

Mara ya mwisho tulizungumza juu ya makala na majiko, na wengi mlinijibu. Leo naacha jikoni kidogo, kwa sababu jambo lililotokea kwa mama mmoja wa kundi letu limenikumbusha kosa langu mwenyewe, na nadhani nyumba nyingi hapa Bukavu zinalielekea kosa lilelile.

Mama huyo alipata zamu yake ya likelemba mwezi uliopita. Wengine tukipata zamu tunanunua bati au tunalipa minervali ya watoto. Yeye alinunua kompyuta, ordinateri ya mkononi, ile ya okazioni inayotoka Ulaya, ili watoto wajifunzie nyumbani na yeye mwenyewe aandike hesabu za duka lake. Mimi nilimpongeza. Kuna waliosema kwamba kompyuta si kitu cha mama. Hao niliwaambia wakumbuke kwamba walisema hivyohivyo juu ya telefoni, na leo hakuna hata mmoja wao anayeweza kuuza samaki bila telefoni.

Basi, nyumbani kwake kuna kitu kingine cha zamani zaidi ya kompyuta hiyo: iPod ndogo ambayo binti yake aliyeko Bruxelles aliileta alipokuja likizoni miaka mingi iliyopita. Ndani ya iPod mna nyimbo za kwaya, nyimbo za rumba, na mna pia sauti ya koko, mama yake mama huyo. Binti aliirekodi sauti hiyo wakati wa ziara, akaipeleka Ulaya, akaipanga ndani ya iPod pamoja na nyimbo. Koko alikwisha fariki. Kompyuta ya binti kule Bruxelles nayo ilikufa zamani, ikatupwa. Kwa hiyo duniani sauti ile ipo mahali pamoja tu, ndani ya kile kidude kinachoenea kwenye kiganja.

Siku ya pili baada ya kompyuta kufika, mwanawe wa miaka 16 alikwisha weka programu ya iTunes, akachukua iPod, akaichomeka. Kioo kikaleta maneno ya Kifaransa, maneno mengi, na chini yake vitufe vitatu. Mama alikuwa anachambua sombe pembeni. Hasomi Kifaransa vizuri, ila kuna neno moja analolijua tangu shule ya msingi, kwa sababu ndilo mwalimu alilotamka kila siku akimpa mtoto kitambaa cha ubao: effacer. Kufuta. Akapiga kelele: “Acha!” Kijana akabonyeza Annuler, mama akachomoa waya kwa mkono wenye majani ya sombe. Jumamosi alikuja kwangu na iPod ameifunga ndani ya kipande cha kitenge kama mtu anayebeba yai.

Alifanya vizuri. Niwaeleze ni kwa nini.

iPod si kama flashi. Ilitengenezwa ili isikilizane na kompyuta moja, yaani na maktaba moja ya nyimbo ndani ya iTunes. Kompyuta ndiyo mama, iPod ni mtoto anayevaa nguo alizochaguliwa. Ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine ambayo maktaba yake ni tupu, kompyuta hiyo mpya inaona iPod ni ya watu wengine, inauliza: tuifute, tuilinganishe na maktaba hii? Ukikubali, inafanya ulichoomba. Maktaba ni tupu, basi iPod nayo inabaki tupu. Hakuna kilichoharibika, hakuna mchawi, mashine imetii tu. Kitufe kingine kinasema kuhamisha vilivyonunuliwa. Hicho nacho kisiwadanganye, kinahusu nyimbo zilizonunuliwa katika duka la iTunes peke yake. Wimbo wa kwaya yenu na sauti ya koko havikununuliwa dukani, na kitufe hicho hakitavigusa.

Sasa kosa langu. Mimi sikuwa na iPod, nilikuwa na MP3 ya kawaida ya Kichina, ile yenye kitufe cha kurekodi. Mwaka mmoja kabla mama yangu hajatuacha, niliketi naye uani nikamrekodi akisimulia jinsi alivyotutembeza kwa miguu mwaka 1996 mpaka Walungu, sisi watoto watano, mdogo mgongoni, na sufuria moja. Alisimulia zaidi ya saa nzima. Alitaja majina ya watu waliotupa maji njiani. Mimi nilikuwa mdogo, majina hayo siyakumbuki.

MP3 hiyo niliipeleka katika sekretariati publiki moja ili niongezewe nyimbo. Kompyuta yao ilikuwa na virusi. Niliporudi nyumbani dosye zangu zote zilikuwa hazionekani, badala yake kuna alama ndogo zenye mshale. Nikarudi kulalamika. Kijana akasema: “Mama, hii ni virusi, ngoja niiformate.” Dakika moja ikatosha. Halafu kwa wema wake akaniwekea nyimbo 200 za bure, nikamshukuru. Nilifika nyumbani ndipo nikatafuta sauti ya mama.

Niliyoyajua baadaye ndiyo yaliyoniumiza zaidi. Kwanza, virusi vya aina ile mara nyingi havifuti kitu, vinaficha tu. Dosye zilikuwa bado mle ndani na mtu angeweza kuzionyesha tena. Pili, hata baada ya kuformati kwa haraka, sauti yenyewe huwa bado ipo, kinachofutwa ni orodha inayosema kila kitu kiko wapi, kama mtu anayechana ukurasa wa mwanzo wa kitabu wenye yaliyomo. Mtu mwenye programu ya kuokoa mafaili angeweza kuitoa. Lakini zile nyimbo 200 ziliandikwa juu yake. Wema wa yule kijana ndio uliomaliza kazi. Simlaumu sana. Mimi ndiye niliyejua kilichokuwa ndani, na sikumwambia.

Kwa hiyo mama mwenzangu alipofungua kile kitenge mezani, nilimwambia leo hatuendi mahali popote, tutafanya hapahapa, na wewe ndiye utakayeshika kipanya.

Tulitumia kompyuta yangu, ambayo haijawahi kuwekwa iTunes. Hilo ndilo jambo la kwanza na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Pale ambapo hakuna iTunes, iPod za zamani zenye vitufe (iPod ya kawaida, nano na ile ndogo kabisa ya shuffle) zinaonekana kwenye Windows kama flashi tu. Hakuna anayeuliza kufuta. iPod touch, ile ya kioo kizima kama telefoni, haimo katika habari hii, yenyewe haifunguki hivyo.

iPod yake haikuwaka mwanzoni. Akaanza kulia. Nikamwambia betri iliyolala muda mrefu inataka kungojewa, tukaiacha kwenye waya karibu nusu saa, tukanywa chai. Alama ikatokea. Mnaotunza vitu hivi kabatini, vitoeni mara moja kwa miezi kadhaa mvichaji kidogo, betri isife kabisa. Na msipoteze waya. iPod haitengenezwi tena: ya kwanza ilitoka mwaka 2001, na mwaka 2022 kampuni ilitangaza kwamba inaacha. Waya wa zile za zamani, ule wenye mdomo mpana, mtautafuta sana sokoni.

Tukafungua iPod, tukakuta karibu hakuna kitu. Mama akanitazama. Nyimbo zimefichwa makusudi na watengenezaji. Juu ya dirisha kuna neno Affichage, ukilibonyeza utaona Éléments masqués, weka alama hapo. Papo hapo ikatokea dosye inayoitwa iPod_Control, ndani yake Music, na ndani yake vidosye vingi vyenye majina F00, F01, F02 na kuendelea. Tulichukua ile dosye ya Music nzima, tukainakili, tukaibandika kwenye kompyuta. Tulinakili, hatukukata. Neno la Kifaransa ni Copier, msibonyeze Couper, kwa sababu ukikata na umeme ukikatika katikati unaweza kubaki bila huku na bila kule.

(Umeme: kazi kama hii ifanyeni kwenye kompyuta yenye betri yake iliyojaa. Ile kubwa ya mezani isiyo na betri msiitumie kama siku hiyo umeme unakonyezakonyeza. Nadhani sina haja ya kuwaeleza ninyi wa Bukavu maana ya kukonyezakonyeza.)

Tukapata mafaili 412, na hapo ndipo shida ya pili. Majina yote hayana maana: herufi nne nne, kama mtoto aliyegongagonga vitufe. iPod haiandiki jina la wimbo juu ya faili, inaliweka katika daftari lake la ndani. Nyimbo za rumba na nyingine zilizotoka kwenye diski zilikuwa zimebeba majina tumboni, ukizifungua au ukiziingiza katika maktaba unaona mwimbaji na wimbo. Lakini sauti ya koko ilirekodiwa nyumbani, pengine haikubeba chochote. Je, tusikilize mafaili 412 moja moja?

Kijana alikuwapo, alikuwa amekuja kumsindikiza mama yake na kidogo alikuwa na aibu. Yeye ndiye aliyetoa wazo. Akasema koko hakuimba dakika nne. Koko akianza kusimulia, wali unaungua. Basi tukapanga mafaili yote kwa urefu, kwa kubonyeza juu ya safu inayoonyesha muda. Nyimbo nyingi zilikuwa za dakika nne, tano, za rumba nane. Juu kabisa kulikuwa na matatu: moja la dakika 38, moja la dakika 22, moja la dakika 19.

Nitarudi kwa hayo matatu. Kwanza nimalizie kwa wale ambao iPod zao au MP3 zao hazifanani na hii.

Kama kompyuta yako ina iTunes tayari na unaogopa ianze yenyewe, shikilia vitufe vya Maj na Ctrl pamoja wakati unapochomeka iPod, usiviachie mpaka ionekane kwenye kioo. Hiyo inaizuia kulinganisha yenyewe. Halafu katika ukurasa wa iPod weka alama kwenye maneno Gérer manuellement la musique. Tangu hapo wewe ndiye unayeamua wimbo upi uingie na upi utoke. Ila kuna jambo: hata kuweka alama hiyo kwenye kompyuta mpya kunaweza kuleta lile swali la kufuta. Ndiyo maana nasema nakili kwanza, kisha ndipo uguse kitu kingine.

Kama iPod ilitayarishwa kwenye kompyuta ya Mac, Windows haiwezi kuisoma, na inaweza kukuambia kwamba kifaa hiki ni lazima kiformatiwe ndipo kitumike. Jibu ni hapana. Kifaa hakijaharibika, kinasema lugha nyingine tu. Mtafute mtu mwenye Mac, mara nyingi mashirika na wapiga picha wanazo. Na kwa wenye Mac mpya: tangu mwaka 2019 iTunes haimo tena ndani yake, iPod inaonekana ndani ya Finder, lakini swali la kufuta ni lilelile.

Kama ni MP3 ya kawaida, habari ni fupi. Inafunguka kama flashi, nyimbo unazinakili huku na huku bila kuuliza mtu. Ulichorekodi kwa kinywa huwa hakipo pamoja na nyimbo, kiko katika dosye yake peke yake, mara nyingi inaitwa RECORD au VOICE. Vijana wanaosafisha MP3 wakaiacha dosye ya nyimbo tu wanaifuta hiyo bila kujua. Ukikuta dosye zimekuwa vimishale, usibonyeze kimishale hata kimoja, hicho ndicho kinachoeneza ugonjwa. Weka alama ile ya Éléments masqués, na zisipoonekana mwombe mtu anayejua aonyeshe pia mafaili ya mfumo yaliyofichwa. Mwambie kabla hajagusa: ndani mna sauti ya mtu. Mwambie hivyo kwa maneno hayo.

Na mkimaliza, msichomoe kama mnavyong'oa muhogo. Bonyezeni kwanza Éjecter.

Nafasi isiwatishe. Sauti ya mtu katika MP3 ya kawaida inakula kama megabaiti moja kwa dakika. Saa nzima ya masimulizi ni megabaiti 60 hivi. Flashi ndogo ya gigabaiti 8 inaingiza zaidi ya saa 100, hata koko msemaji kuliko wote hawezi kuijaza. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuweka sauti mahali pamoja tu. Moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi ambayo haichezewi na haipelekwi sekretariati, moja kwa ndugu aliye mji mwingine. Kompyuta ya okazioni ni ya okazioni. Leo inawaka, kesho hatujui.

Kuhusu watoto na muziki wao, mama mmoja aliniuliza kama ni vibaya kompyuta ya likelemba kujazwa nyimbo za vijana. Mimi sioni vibaya. Kinachoniudhi ni zile ekuteri za masikioni, unamtuma mtoto maji mara tatu naye anatikisa kichwa, wewe unafikiri amekubali. Ila nashauri kompyuta ya nyumba iwe na dosye ya mama, yenye jina la mama, na neno la siri la kompyuta mama alijue. Nimekuta nyumba ambazo mama ndiye aliyelipa kompyuta kwa zamu yake, na akitaka kuifungua ni lazima angoje mwanawe arudi shule.

Turudi kwa mafaili matatu. La dakika 22 lilikuwa mahubiri. Tuliyazima, tukaomba radhi. La dakika 19 lilikuwa mazoezi ya kwaya, na mama akatambua sauti yake mwenyewe akikosea, akacheka. La dakika 38 lilianza na kelele za uani, kikombe, kuku, halafu koko akimfukuza kuku kwa Kishi, halafu akiuliza: “Kinasikia?” Na binti akijibu kwamba kinasikia.

Mama hakusema kitu. Aliweka kiganja juu ya kioo cha kompyuta, kama mtu anayepima joto la mtoto. Koko akaanza kutaja watoto aliowazaa, kwa mpangilio, pamoja na wawili ambao hakuna anayewataja tena nyumbani kwao. Mmoja wa hao wawili kijana hakumjua kabisa. Aliuliza jina lile ni la nani, mama akasema atamwambia njiani.

Kisha umeme ukakatika, kama kawaida. Kompyuta ikaendelea kwa betri, na koko akaendelea kusimulia gizani.

Tuliponakili kwenye flashi, mama mwenyewe aliandika jina la faili, kidole kimoja kimoja, akitafuta herufi a ambayo kwenye vitufe vya Kifaransa iko pembeni juu. Aliandika jina zima la koko na kijiji chake. Mlangoni kijana akauliza kama sasa anaweza kuichomeka iPod kwenye kompyuta yao na kubonyeza kufuta, aweke nyimbo zake. Mama akamwambia angoje kwanza flashi ya pili ifike kwa mama mdogo Uvira, na mama mdogo apige simu aseme ameisikia.